Toboa Kwanza

Ukitaka kumuudhi Tani, mwambie una kifusi cha zege na unataka kontena kubwa. Huna haja ya kumtukania mtu. Atakutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, atavuta pumzi, halafu atakuuliza kwa upole wa kutisha: "Kubwa la nini, ndugu yangu? Unahamisha mlima?"

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa shangazi yake. Kwa wengine wote alikuwa Tani, maana kila alichokitazama alikitaja kwa tani. Alifanya kazi kwenye yadi inayokodisha makontena ya taka, yale masanduku ya chuma yasiyo na paa. Gari linakuja kukushushia moja mlangoni, unalijaza mabaki yako, kisha linarudi kulinyanyua kwa minyororo na kwenda kulimwaga. Aliyebomoa ukuta, sakafu au tangi la maji alipiga simu yadi, na Tani akaenda kutazama akiwa na futi kamba na mashine ndogo ya kutobolea. Akishapima alisema kifusi kitakuwa na uzito gani, na kontena lipi litakifaa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kila siku ya Mungu. Mwenye kifusi kingi anataka kontena kubwa, ndiyo akili ya kawaida. Lakini zege halina habari na akili ya kawaida. Kontena kubwa ni la magodoro, matawi ya miti na makochi yaliyoliwa na panya. Zege linataka kontena dogo, tena lisijazwe mpaka mdomoni, liishie kwenye mstari mwekundu uliochorwa ubavuni. Msusi mmoja aliyebomoa saluni yake aliwahi kumkunja shati kwa jambo hilo.

"Mimi nimebomoa jengo zima, wewe unaniletea sanduku la kuwekea viatu!"

"Mama, ukijaza zege kwenye lile kubwa, gari likivuta litanyanyuka lenyewe, kontena litabaki chini linawacheka."

Msusi akaona anafanywa mjinga. Tani naye akaona dunia imejaa watu wasiosikia, na huo ulikuwa msimamo wake tangu zamani, wala si wa siku hiyo.

Hesabu yenyewe si ya kutoa jasho. Urefu mara upana mara unene, na kila mita moja ya ujazo wa zege ina karibu tani mbili na nusu. Urefu unauona, upana unauona. Unene ndio mchawi. Mtu hakudanganyi urefu wa sakafu yake kwa sababu utaunyooshea kamba mbele ya macho yake, lakini unene amezikwa nao fundi aliyemwaga. "Inchi nne tu," wanasema, "fundi wangu alikuwa mwaminifu." Tani anachomeka mashine, na zile inchi nne zinakuwa saba, au zinakuwa mbili na ufa. Ndiyo maana alikuwa na neno lake moja ambalo yadi nzima ilimwigiza nalo kwa kubana pua: "Toboa kwanza." Ilifika mahali mtu akija na habari kwamba bosi anaoa mke mwingine, wenzake wote wanaitikia kwa pamoja, "Toboa kwanza!"

Na wala hakuwa mtu wa utani, masikini. Alikuwa na kinyongo cha miaka, na kinyongo hicho kilikuwa na mwenyewe: kaka yake.

Baba yao alikuwa fundi wa zege. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, na uani alimwaga sakafu ya zege kabla Tani hajazaliwa. Siku ile ya kumwaga, zege likiwa bado bichi kama uji, kaka mtu, kitoto cha kuanza kukimbia, alichomoka getini akapita katikati ya sakafu mbio mpaka mlango wa jikoni alikokuwa mama. Baba, mtu ambaye hata harusini hakucheka, siku hiyo alicheka. Alimbeba mabegani akamtoa kwa kumzungusha pembeni, na zile nyayo akaziacha zikauke. Kwa hiyo uani kwao palikuwa na mstari wa nyayo ndogo zinazoingia jikoni, na hakuna hata moja inayotoka. Tani alipokua alizichezea. Alikuwa akiweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja baada ya mwingine na kumfuata kaka yake mpaka mlangoni, na mama akitokea jikoni anauliza, "Haya, na huyu naye wa leo au wa zamani?"

Kisha Tani akapelekwa shule ya bweni. Aliporudi likizo, kaka hayupo na nyayo hazipo. Sakafu ya uani ilikuwa mpya, laini, imepigwa mwiko mpaka inang'aa. Baba alisema maji yalikuwa yanatuama, amepaka lipu juu kusawazisha. Kuhusu kaka hakusema kitu. Aliyesema ni mama, siku hiyohiyo, akiwa amempa kisogo anaosha vyombo: "Kaka yako ameondoka kwa miguu yake mwenyewe. Hata nyuma hakugeuka." Na ngazi mbili za kupandia mlango wa jikoni zilikuwa zimebaki moja. Tani aliliona hilo. Alidhani ni yeye aliyekua.

Maneno ya mama aliyameza yalivyo, na yakamkaa tumboni maisha yake yote. Baba alipopooza, Tani ndiye aliyembeba kumpeleka kuoga. Mama alipoanza kusahau majina, yeye ndiye aliyekaa naye, akakosa kazi mbili nzuri za mji mwingine, na mke wake akachoka, akamwambia waziwazi kwamba ameolewa na mama mkwe. Kila mzigo ulipomlemea, Tani alimkumbuka yule mwenye miguu yake mwenyewe. "Yeye anakula upepo huko," alikuwa akisema, "mimi ndiye nguzo." Kuwa nguzo kulimuumiza, na pia kulimpa kichwa. Mtu akiishi na chuki muda mrefu, anaifanya kiti, anaikalia.

Siku ya mazishi ya mama, kaka alitokea. Alisimama getini, mvi kichwa kizima, amefuatana na binti yake. Tani alimtambua kwa namna alivyosimama, bega moja chini kidogo, kama baba. Akatoka akamzibia njia.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kumzika mama, mdogo wangu."

"Uliondoka kwa miguu yako mwenyewe. Miguu hiyohiyo ikurudishe ulikotoka."

Kaka alichungulia juu ya bega la Tani, kule ndani, uani, ambako watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Halafu akauliza swali ambalo waombolezaji walilisimulia kwa wiki nzima.

"Uani bado kuna zege lilelile?"

"Zege?" Tani alihisi damu inampanda machoni. "Mama kalala ndani kwenye sanda, na wewe unauliza zege? Ondoka! Toka mbele yangu kabla sijakuvunjia heshima!"

Watu wakasonya. Wapo waliosema huyo kaka kweli ana pepo. Kaka alimshika binti yake mkono, akageuka, akaenda. Binti ndiye aliyerudi baadaye, akampa shangazi namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, na shangazi akakificha chini ya godoro, kama alivyoficha vitu vingine.

Huyu shangazi alikuwa dada wa baba. Alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu Tani ana akili, na mama alipofariki akabaki peke yake na kiti chake cha plastiki na malalamiko yake. Tani alimpenda kwa shuruti. Alikuwa mwanamke wa kulalamikia jua likiwaka na mvua ikinyesha, lakini jambo kubwa likitokea, anajitia hamnazo.

Basi, msimu ulipogeuka, Tani aliamua kujenga vyumba viwili uani. Binti yake ndoa ilimvunjikia, akarudi na virago na mtoto, na mtu na mwanawe hawawezi kulala sebuleni kwa shangazi mpaka kiama. Ili kuchimba msingi ilibidi sakafu ya baba ivunjwe. Tani akaita wavunjaji wawili anaowafahamu, watu wa nyundo na mtaimbo, na yadi akaagiza kontena.

Dereva wa kontena, ambaye walimwita Swahiba kwa sababu alimwita kila mtu hivyo, alimkuta ofisini anaandaa safari.

"Uani kwenu unataka lipi?"

"Dogo, moja. Mita sita kwa nne, inchi nne na kidole kimoja cha lipu. Haifiki tani saba. Linatosha."

"Umetoboa?"

Wenzao walicheka. Tani hakucheka.

"Nitoboe nini? Nimezaliwa pale. Baba yangu ndiye aliyemwaga."

"Mimi nauliza tu, swahiba. Kila mteja anayetufokea huwa baba yake ndiye aliyemwaga."

"Tofauti ni kwamba mimi baba yangu namjua."

Mganga hajigangi, wahenga waliliona hilo mapema. Kontena likashushwa mbele ya geti asubuhi, wavunjaji wakaonyeshwa mahali pa kuanzia, na Tani akaenda zake kupima tangi lililopasuka upande wa pili wa mji. Mchana simu ikaita.

"Mzee," akasema mvunjaji mmoja, "kontena limefika kwenye mstari, na uani bado."

"Bado vipi? Mmepakia udongo nyinyi!"

"Udongo gani, mzee? Hatujauona udongo. Tumetoa zege, tukakuta nailoni. Tumetoa nailoni, chini kuna zege jingine. Hili zege lako limezaa."

"Acha mzaha wako."

"Njoo uone mwenyewe. Sisi tumeshaanza na hilo la pili, tunalipandisha juu ya mengine."

Tani aliacha tangi la watu, akaondoka. Njia nzima alikuwa anawatukana kimoyomoyo: wavivu, waongo, wamechimba mpaka msingi wa nyumba. Alifika anatweta. Getini kontena lilikuwa limejaa kupita mstari mwekundu, limefanya kichuguu, na Swahiba amesimama kando na mikono kiunoni.

"Hili sibebi," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye unayetufokea kwa mzigo kama huu. Punguza."

Tani alikuwa ameona kitu. Vipande vya lile zege la juu vilitupwa ovyoovyo ndani ya kontena, vingine chali, upande wa chini ukitazama mbinguni. Na katika upande huo wa chini, kwenye kipande kimoja kikubwa kama meza, palikuwa pamevimba mguu. Mguu mdogo wa mtoto, umetokeza nje, vidole vitano vya mviringo, kana kwamba mtu alilala ndani ya zege na kuchungulisha unyayo. Kando yake kulikuwa na mwingine usio na kisigino.

Aliingia uani. Wavunjaji walikuwa wameanzia getini wakija ndani, kama walivyoagizwa. Walikuwa wameshapasua karibu sakafu yote ya chini. Kilichobaki ni kipande cha mbele ya mlango wa jikoni, na ngazi ya pili, ile iliyopotea alipokuwa mtoto, ilikuwa imefunuka na kukaa mahali pake. Juu ya kipande hicho palikuwa na unyayo mmoja mzima na kisigino cha mwingine. Ulikuwa safi. Hata mikunjo ya nyama chini ya kidole gumba ilionekana.

"Simameni!" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Simameni hapohapo! Shusheni nyundo!"

Wavunjaji wakatazamana. Mmoja akasema hawakujua, wao waliona vishimo tu, na mzee hakuwaambia kitu. Na kweli, angewaambia nini? Yeye alijua nyayo zilikufa zamani chini ya lipu ya kidole kimoja.

Akachuchumaa. Akaokota ile nailoni iliyosukumwa ukutani, nene, ya rangi ya maziwa iliyogeuka manjano. Alikuwa ameshinda na zege maisha yake yote, na kitu hicho kimoja alikijua kuliko jina lake. Fundi anayemwaga zege jipya juu ya la zamani hulikwaruza lile la zamani, akalilowesha, akalipaka saruji nyepesi ili viumane viwe kitu kimoja. Ukilaza nailoni katikati, umekataa viumane. Umeweka shuka. Aliyeilaza hii alijua kwamba bila hiyo nyayo zingejazwa, zingetafunwa, na asingezipata mtu tena.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake chini ya dirisha la jikoni, kitambaa puani kwa ajili ya vumbi.

"Shangazi, hii nailoni ni ya nini?"

"Mimi nitajuaje mambo ya ufundi, mwanangu?"

"Shangazi."

"Vumbi hili litaniua, na bado mnanisumbua."

"Shangazi! Baba alisema amepaka lipu. Hii si lipu. Hii ni inchi tano za zege. Mtu hamwagi inchi tano kwa sababu ya maji kutuama. Niambie kilichotokea kwenye uani huu!"

Swahiba na wavunjaji wakajifanya wanatazama kontena. Shangazi akashusha kitambaa. Alizungumza bila kumwangalia, haraka haraka, kama mtu anayetua tenga lililomchosha.

"Baba yako alimnyanyulia mama yako fimbo. Hapo hapo ulipo. Haikuwa mara ya kwanza, ila siku hiyo kaka yako alikuwa amekuwa mwanaume, akamshika mkono. Hakumpiga, alimshika tu. Baba yako akasema, mkono ulionishika hauli tena kwangu. Akamkorogesha zege kuanzia asubuhi, akamwambia funika miguu yako, kisha utoke. Akakoroga, akamwaga, akasawazisha na mwiko. Akamaliza. Akatoka."

"Na mama?"

"Mama yako alikuwa jikoni."

"Alitoka kumzuia?"

"Alikuwa jikoni, nimekwambia."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nafagia."

Tani alisimama pale, nailoni mkononi. Mama alikuwa jikoni. Mtoto amefukuzwa kwa ajili yake, na yeye akageuka akaosha vyombo, kisha akamwambia aliyebaki kwamba aliyeondoka aliondoka kwa miguu yake.

"Mbona hamkuniambia? Miaka yote hii, shangazi!"

"Nani akwambie? Baba yako alikuwa hai. Baadaye mama yako akasema acha, mtoto yuko masomoni. Baadaye ukawa mkubwa, unatutunza, ukawa unamtukana vizuri tu, tukaona… sasa ndiyo imezoeleka."

"Na siku ya mazishi? Ulinisikia pale getini. Ulisikia nilichomwambia!"

"Ulikuwa umekasirika," akasema shangazi. "Nikaona nisikuongezee."

Loo! Kuna majibu ambayo mtu akipewa, bora angepigwa kofi. Tani alitaka kupiga kelele, akataka kupiga kiti teke, na hakufanya lolote. La kuvunda halina ubani. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Namba." Shangazi akaingia ndani, akainua godoro, akamletea kile kipande cha karatasi.

Simu ililia muda mrefu. Tani alikuwa amechuchumaa kwenye ile ngazi iliyofufuka, unyayo uko mbele yake, na alikuwa ameshapanga maneno. Ilipopokelewa yote yakamtoroka.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi."

Mbali, upande wa pili, kulikuwa na mtu anapiga misumari.

"Kaka," akasema Tani, "nimevunja zege la uani."

"La juu au la chini?"

Aliuliza hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida.

"Yote mawili."

"Nailoni ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Kaka, baba ndiye…"

"Baba wapi! Niliiweka mimi. Alikuwa amekwenda kuongeza saruji. Nilikata ile ya kufunikia mchanga, nikailaza. Aliporudi akaiona, akaitazama, akasema tia zege. Hilo tu. Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani."

"Kwa nini uliweka?"

"Kwa ajili yako. Ulikuwa unazifuata zile nyayo kila ukirudi kucheza. Nikasema huyu mtoto ipo siku atakua, atavunja, ataona. Ataona zinakwenda upande gani. Pale getini nilitaka kukwambia utoboe, mdogo wangu. Nimesikia ndiyo kazi yako, kutoboa."

Tani alilia. Alilia mbele ya wavunjaji na dereva, bila kuficha uso, makamasi na vumbi la saruji vikichanganyika mdomoni.

"Nisamehe, kaka. Njoo. Njoo leo, njoo kesho, nitume gari likufuate. Nyumba ni yako."

"Nije kwa nani? Mzee amezikwa. Mama amezikwa, na mimi nikiwa nje ya geti. Ulinirudisha wewe, si baba. Baba alinifukuza mara moja."

"Sikujua!"

"Najua hukujua. Hukuuliza pia." Alikohoa. "Nyayo bado zipo?"

Tani alitazama getini, kwenye kile kichuguu cha kifusi. Alitamani kudanganya. Ulimi ulikataa.

"Umebaki mmoja. Mwingine nusu. Zilizobaki wamezivunja, ziko kwenye kontena."

Mpiga misumari wa kule alikuwa ameacha.

"Basi huo mmoja upime," akasema kaka. "Si wewe ndiye unayejua uzito wa vitu?"

Akakata. Tani akapiga tena, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

Swahiba alisubiri kadiri alivyoweza, halafu akaja polepole, akikanyaga kwa uangalifu pembeni, asiuguse ule unyayo.

"Swahiba, tufanyeje? Nipunguze niondoke na nusu, au nilete kontena jingine?"

Tani aliinuka, akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Akasema kontena haliondoki. Limwagwe lote hapahapa nje ya geti. Swahiba akamwangalia. Akaenda kuwasha gari, akaliinua kontena upande mmoja kwa minyororo, akashusha mlango wake wa nyuma, na zege lote la asubuhi likarudi barabarani kwa kishindo.

Tani akaingia katikati ya vumbi kabla halijatua, akaanza kugeuza vipande kimoja kimoja, akitafuta vidole. Wavunjaji walimsaidia kidogo, kisha wakasimama, kwa sababu kishindo kile kilikuwa kimevunja hata vile vilivyokuwa vizima. Kutoka uani shangazi aliuliza kwa sauti kama wamemaliza, ili afungue dirisha.